Pentagon na taarifa zao za visahani vya angani: wanauma na kupuliza, halafu wajinga tunaonekana sisi

Wakuu, leo nimechoka. Mtanisamehe nikipayuka.

Jana usiku shemeji kanitumia tena zile video za vitu vya ajabu angani walizopiga marubani wa jeshi la majini la Marekani. "Pentagon wamekiri viumbe wa nje ya dunia wapo!" Nikamwambia hao wakubwa wa jeshi la Marekani hawajakiri kitu. Akanijibu, "Haya, nionyeshe walipokana." Nimekesha na simu mpaka saa nane. Walipokana sikupaona. Walipokiri pia sikupaona. Hapo ndipo hasira zikanipanda.

Aprili 2020 wameziachia video tatu rasmi, wanasema vilivyoonekana bado vimewekwa kwenye kundi la "visivyotambuliwa". Vimewekwa na nani? Havijatambuliwa na nani, na rubani au na aliyetengeneza? Kimya. Julai 2023 David Grusch, aliyekuwa ofisa wao wa ujasusi, anakula kiapo mbele ya Bunge lao kwamba serikali imeficha vyombo vya viumbe wa nje. Jibu la Pentagon: ofisi yao ya uchunguzi "haijapata taarifa zozote zinazoweza kuthibitishwa" kwamba mpango huo upo au uliwahi kuwepo. Isome taratibu hiyo. Jirani kapotelewa na kuku, unamuuliza mwanao, anakujibu, "Baba, sijapata taarifa inayoweza kuthibitishwa kwamba kuku alipita jikoni." Si utaenda kufunua sufuria?

Najua kuna atakayesema ndivyo wanasayansi wanavyoongea, hawakati neno bila ushahidi. Sawa, na mimi viumbe siviamini hata kidogo. Ila hawa wana historia, bwana. Mwaka 1947 jeshi lilitangaza limeokota kisahani huko Roswell, New Mexico, kesho yake kikageuka puto la hali ya hewa. Ikabidi tungoje hadi 1994 jeshi la anga liseme ni mabaki ya mradi wa siri wa Mogul, maputo ya kunasa sauti za majaribio ya nyuklia ya Wasovieti.

La U-2, ile ndege ya siri ya ujasusi ya CIA, ndilo linaloniuma zaidi. Miaka ya 1950 ndege za abiria ziliruka futi 10,000 mpaka 20,000. U-2 ilikuwa juu ya 60,000. Chini kwa rubani kumeshaanza giza, kule juu jua bado linapiga mabawa ya fedha, anaona kitu kinawaka moto. Anaripoti. Wachunguzi wa jeshi la anga wanawauliza CIA chinichini, wanaambiwa ni yetu hiyo. Kisha mwananchi anaambiwa ameona chembe za barafu! Na haya wameyaandika CIA wenyewe, 1997.

Sasa mtu aliyeniambia "barafu" huku akijua ni ndege yake, leo ananiambia "hatujapata". Nimsomeje?

Mwenye taarifa moja tu ya Pentagon inayosema "hapana" bila mkia aiweke hapa. Shemeji ameshapiga mara mbili tangu asubuhi na sijapokea.