Manjano kwa mtoto mchanga: yupi apelekwe leo, yupi angoje?

Mhudumu_Eastlands
Habari zenu. Swali ni la ziara za nyumbani. Mama wengi huruhusiwa saa 24 baada ya kujifungua, na manjano huchomoza wakiwa nyumbani tayari. Ushauri wanaopata mtaani ni kumwanika mtoto jua la asubuhi na kumpa maji ya glukosi. Bila mashine yoyote, nitazame wapi? Na ni mtoto yupi asiyefaa kungoja kesho?

Nesi_Wodi_ya_Wachanga
Kabla ya rangi, uliza alizaliwa saa ngapi. Manjano yakionekana kabla ya saa 24, huyo ni wa hospitali leo hii, hata kama ananyonya vizuri. Huenda damu ya mama na ya mtoto hazipatani (mama ni kundi O, au ni Rh hasi), au kuna maambukizi, au mtoto ana upungufu wa G6PD, kile kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu. Manjano ya kawaida huanza siku ya pili au ya tatu, hupanda hadi siku ya tano hivi, kisha hushuka yenyewe.

Msogeze mlangoni penye mwanga wa mchana. Balbu ya rangi ya njano hudanganya, na pazia la rangi vilevile. Bonyeza ncha ya pua au kifua kwa kidole, achia, utazame ngozi kabla damu haijarudi. Kisha ufizi na weupe wa macho. Kwa watoto wetu weusi hapo ndipo penye ukweli, si mashavuni. Yakifika viganjani na kwenye nyayo, mtume hospitali bila kubishana. Ila kumbuka jicho hukuambia yapo tu, kiasi hukijui mpaka damu ipimwe.

Wa kukimbizwa hata usiku wa manane: aliyelegea na haamki kunyonya, anayelia kwa sauti nyembamba kali, anayepinda mgongo kwa nyuma, mwenye degedege. Hapo bilirubini, ile rangi ya damuni inayoleta manjano, inaweza kuwa imeshaingia ubongoni, na usikivu ukiharibika haurudi.

Tabibu_Mapokezi
Naongezea kuhusu karatasi ya maabara, maana watu husoma namba peke yake. Bilirubini ya maikromoli 210 kwa lita kwa mtoto aliyetimiza miezi, akiwa na saa 24, inahitaji matibabu ya taa. Namba hiyo hiyo akiwa na siku nne, yu mzima, ananyonya, haihitaji. Kwa njiti mstari uko chini zaidi. Kwa hiyo andika saa za umri na wiki za mimba kwenye fomu.

Kosa lingine ni vipimo. Maabara nyingine hutoa miligramu kwa desilita. Mtu akiona 15 kwenye chati ya maikromoli hudhani mtoto ni salama kabisa, kumbe ukizidisha kwa 17.1 ni karibu 257. Na mtoto akishawekwa chini ya taa usimkadirie tena kwa rangi, kwa sababu ngozi hupauka kabla ya bilirubini ya damuni kushuka.

Mkunga_Mstaafu
Sasa tuje kwenye jua la asubuhi. Taa ya wodini hutoa mwanga wa buluu unaopiga karibu mwili mzima, mtoto akiwa na nepi na kitambaa cha macho tu, saa nyingi mfululizo, akitolewa kunyonya na kurudishwa. Dakika 15 za jua, mtoto amefungwa shali hadi shingoni, hazifiki popote karibu na hapo. Ukimvua nguo zote Julai hii ya Nairobi, anapata baridi. Ukimweka jua kali, anaungua. Hasara kubwa zaidi ni siku mbili zinazopotea mama akisubiri jua lifanye kazi.

Glukosi acheni kabisa. Bilirubini hutoka kwa choo, na choo hutokana na maziwa. Tumbo likijaa maji mtoto hanyonyi, choo kinakaa, na bilirubini inafyonzwa upya kutoka utumboni. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, aamshwe akilala mno. Kufikia siku ya tano choo kiwe kimetoka weusi kikawa cha manjano, na nepi za mkojo zisipungue sita.

Halafu fungua begi la nguo za mtoto na unuse. Nguo na blanketi zilizohifadhiwa na vile vidonge vyeupe vya nondo, naftalini, huweza kupasua chembe nyekundu za mtoto mwenye upungufu wa G6PD. Kuzianika tu hakutoshi. Ziondolewe.

Mhudumu_Eastlands
Asanteni sana. Na yule wa wiki ya tatu ambaye macho bado ni ya manjano lakini ananenepa?

Tabibu_Mapokezi
Mara nyingi ni manjano ya maziwa ya mama, na kunyonyesha kunaendelea. Ila yakipita siku 14 (21 kwa njiti) apimwe bilirubini ya aina zote mbili, ile ya jumla na ile iliyokwisha kupita kwenye ini. Wewe omba kuona nepi yenyewe, usikubali kuelezwa. Choo cheupe kama chaki, na mkojo wa rangi nzito unaotia doa, ni dalili kwamba njia ya nyongo huenda imeziba. Huyo hangoji tarehe ya chanjo, kwa sababu upasuaji wake hufaulu zaidi ukifanywa kabla ya siku 60.