Picha za kuchongea ndege zimenidanganya, mdiria wangu wamekataliwa

Fundi_Naivasha
Habari zenu wadau. Mimi nachonga hapa Naivasha, zamani ilikuwa twiga na viboko vya kuuzia watalii kando ya barabara, hizo natoa hata nikiwa nasinzia, lakini mwaka huu nimejitosa kwa ndege wa kufanana kabisa na wa ukweli, yaani unyoya kwa unyoya, rangi juu na macho ya kioo. Sasa kuna mzee mgeni, wale wa kutembea na darubini shingoni, akaagiza jozi ya mdiria, yule mweusi na mweupe wa ziwani, dume na jike wamekaa juu ya kijiti. Akaacha na deposit.

Nikaingia Google nikadaunlodi picha kama arobaini hivi, nikanunua jakaranda iliyokauka vizuri, nikakaa nayo wiki tatu. Mzee kuja kuangalia akanyamaza kwanza, alafu akasema ati miguu si ya mdiria, na ndege wenyewe ni wakubwa mno, "huyu ni kama kuku." Nilikasirika lakini pesa ni yake. Amenipa mwezi mmoja.

Sasa naulizeni, nyinyi mnatumia nini kama mfano wa kuangalia? Picha ngapi zinatosha na za upande upi? Na hiyo saizi mimi nilifuata kitabu, kimeandika sentimita 25, nikapima 25 kutoka kisogo hadi ncha ya mkia, alafu nikaongeza mdomo mbele. Nimekosea wapi? Dume na jike pia mimi naona ni wale wale tu.

GuideWaZiwa
Pole bro lakini huyo mzee amekuonea huruma, angeweza kusema mengi zaidi 😂

Kwanza saizi. Ule urefu wa kitabu hupimwa ndege akiwa amelazwa chali, shingo imenyooshwa, kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Kwa hivyo mdomo uko ndani ya hizo 25 tayari, na mdiria ana mdomo mrefu, wewe umeuhesabu mara mbili. Alafu ndege aliyekaa hajanyooka vile, kichwa kimerudi nyuma kimeingia kwa mabega. Ukimpima amekaa kijitini utapata pungufu ya hiyo 25.

Miguu sasa. Nina hakika umemchongea vidole vitatu mbele vimeachana kama vya kuku. Mdiria hana hiyo. Kidole cha nje na cha katikati vimeshikana sehemu kubwa ya urefu wao, vinaachana tu karibu na kucha. Na mguu wenyewe ni mfupi sana, akikaa huoni mguu, unaona tumbo limelalia vidole. Ukionyesha goti umeharibu.

Dume na jike ni rahisi kuliko unavyofikiria, angalia kifua. Dume ana mikanda miwili myeusi, wa juu mpana, wa chini mwembamba. Jike ana mmoja tu na mara nyingi umekatika katikati.

Tezo_na_Patasi
Kijana, mimi nimejifunza kazi hii Wamunyu, kule Ukambani kwa wachongaji, kwa baba mdogo, na nikuambie ukweli wetu. Sisi hatukuwa tunaangalia mnyama, tulikuwa tunaangalia sampuli. Mzee anakuwekea swala mmoja mbele yako unachonga kumi kama huyo, na yule wa sampuli alichongwa kwa kuangalia mwingine. Swala wa kweli wengi wetu tulikuwa hatujamwona hata siku moja. Kwa twiga wa sokoni hiyo haina neno maana mnunuzi anataka shingo ndefu tu. Kwa ndege wa aina yako ni balaa, kwa sababu unarithi makosa ya jirani unaongezea na yako. Hiyo miguu ya kuku sijui umeitoa kwa picha gani, mimi naona umeitoa kwa mkono wako, mkono umezoea.

Cha kufanya, kabla hujagusa mti chukua udongo wa mfinyanzi umtengeneze kwanza. Udongo unasamehe. Ukikosea kichwa unakibonyeza kinarudi, mti ukishaukata umekata. Huyo wa udongo ukiridhika naye ndiye anakuwa mfano wako, unaweza kumzungusha ukamwona kwa juu na kwa chini, picha haizunguki.

Na nyuzi za mti zielekee mdomo. Mdomo mwembamba ukiwa umekatisha nyuzi utavunjika ukiwa kwa msasa wa mwisho kabisa, nimeliona hilo mara nyingi sana na linauma. Kama kichwa kimegeuka upande, chonga kichwa kwa kipande kingine na ukigundishe.

KijanaWaMwenge
Aisee mkuu wa Naivasha pole sana, huku Mwenge Dar wengi tuko na mpingo na vinyago lakini mimi pia nimechonga ndege kidogo, hua na hondohondo. Nikuongezee kwenye suala la picha maana hapo ndipo watu wanapigwa.

Hizo arobaini zako zipange upya. Najua kuna zilizoingia za mdiria wa Ulaya, za yule mdogo wa buluu mwenye mdomo mwekundu, za India, wote Google anawaita jina moja. Tafuta kwa jina la kisayansi, wako anaitwa Ceryle rudis, utaona takataka zinapungua. Kuna maktaba ya Macaulay ya chuo cha Cornell Marekani, iko mtandaoni, unaandika ndege wako unachuja dume, jike, hata kinda. Kinda ni muhimu jamani, yule mdogo wa buluu akiwa kinda mdomo wake ni mweusi, mtu akichanganya picha anaishia na ndege ambaye hayuko duniani. Na siku hizi kuna picha za AI, zinapendeza kweli, ukihesabu vidole unacheka.

Kingine ni kamera. Picha iliyopigwa na simu karibu karibu inavimbisha kilicho mbele, kichwa kinakuwa kikubwa mkia unasinyaa. Ukichonga kwa hiyo unapata kikatuni. Chagua zilizopigwa kwa mbali na lenzi ndefu, ndege yuko ubavu kamili usawa wa jicho. Hiyo moja ndiyo ya vipimo. Nyingine zote ni za kukuonyesha nyoya linalala vipi, sio za kupimia.

Mimi nikishapata ya ubavu naiprinti, mdomo ndio rula yangu. Kutoka ncha ya mdomo hadi nyuma ya kishungi ni midomo mingapi, hadi mwisho wa bawa ni mingapi, jicho liko wapi ukipitisha mstari kutoka pale mdomo unapofunguka. Naandika pembeni. Hiyo hesabu haibadiliki ukichonga mkubwa au mdogo. Jicho hasa, likipanda juu kidogo tu ndege anakuwa na sura ya kushangaa.

Fundi_Naivasha
Nimesoma hizi zote mara mbili. GuideWaZiwa umenipata, vidole ni vitatu vimeachana, nimeenda kuangalia tena nikacheka peke yangu. Mzee wa Wamunyu shikamoo, ni kweli, mkono ulijiendea wenyewe.

Sasa kuna mvuvi jirani ameniambia mdiria huwa wananasa kwa nyavu, akipata aliyekufa ataniletea nimweke kwa friza nimpime vizuri. Hiyo naona itamaliza maneno yote?

Wanjiku_wa_Manyoya
Hapana hapana hapana. Kaka usimweke ndege wa porini kwa friza yako. Hapa Kenya sheria ya wanyamapori ya 2013 haijali umemwua wewe ama umemwokota, mwili, manyoya, kucha, zote zinahesabiwa nyara na bila kibali ni kesi. KWS, wale wa shirika la wanyamapori, wakikupata hutaeleza habari ya sanaa. Mimi natengeneza ndege za vitambaa na karatasi na hata unyoya niliookota niliambiwa niuache.

Unataka kuona wa karibu nenda makumbusho Nairobi, kuna ukumbi mzima wa ndege wa Afrika Mashariki waliotiwa nyasi ndani, mdiria wapo. Gusisha simu kwa kioo kabisa ndio mwanga usirudi. Lakini hata huyo usimwamini yote, umbo lake ni kazi ya fundi kama wewe, anaweza kuwa amemjaza sana, na rangi za miguu na mdomo hufifia ndege akikauka. Wanazo pia ngozi za utafiti huko nyuma, hizo ni mpaka uandike uombe. Zinafaa kwa vipimo vya mdomo na bawa, mkao hapana, zimelazwa kama sigara.

GuideWaZiwa
Na bro wewe unakaa Naivasha! Hao ndege wako wanakaa kwa kila mti uliokufa ndani ya maji. Nenda kwa gati saa kumi na mbili asubuhi na simu, rekodi video, alafu nyumbani punguza spidi uwe unasimamisha. Kuna vitu picha haikupi, mdiria akitulia anatikisa kichwa juu chini na mkia unaruka, na kishungi hakikai sawa, akishtuka kinasimama akipumzika kinalala. Chagua moja. Jozi ikiwa wote wamesimamisha vishungi ni kama wameona nyoka.

Fundi_Naivasha
Mrejesho wadau. Mvuvi nimemwambia aache. Nimeenda gatini asubuhi tatu, siku ya kwanza nilipata nyuma ya ndege tu, ya pili mvua, ya tatu nikapata dume dakika nne nzima mita kama kumi hivi akipiga samaki kwa tawi kabla ameze. Nikamtengeneza kwa udongo, midomo nimehesabu, vidole nimeshikanisha. Jana nimeanza mti mpya, jike nimemaliza kuchonga, nyoya zote nimechoma na kalamu ya moto, saizi inaingia kwa kiganja vizuri.

Shida ni moja. Nilikuwa naangalia video ya yule dume wakati nachoma kifua, nikamwekea jike mikanda miwili. Imechomeka ndani kabisa, msasa hautoi bila kula kifua.

Tezo_na_Patasi
Basi huyo si jike tena, ndiye dume wako. Jakaranda imebaki?

Fundi_Naivasha
Imebaki kipande kimoja 😅