Tupeane uzoefu: mgongo usiokwisha kuuma, kuutibu mwili pamoja na akili

Wakuu wa Moshi na Arusha, uzi huu ni wa mgongo uliovuka miezi 3 ukiuma. Leteni mbinu zenye vipimo. "Punguza mawazo" peke yake haimsaidii mgonjwa. Ila mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, ganzi ikishika makalio na sehemu za siri, au mguu ukiishiwa nguvu, wahi hospitali leo hii. Homa za jioni na kukonda, kapime TB ya uti wa mgongo.

Sakina: Mkuu, tuanzie kwenye picha. Kipimo cha MRI kikisema diski (mito laini kati ya pingili za mgongo) zimechakaa watu hukata tamaa, wakati hata kwa wenye miaka 40 wasioumwa popote, karibu 68% huonekana hivyo hivyo. Maumivu ni ya kweli kabisa. Ila mishipa ya fahamu imezoea kuona hatari, kama mbwa anayembwekea hata mwenye nyumba. Kule Boulder, Marekani, kuna utafiti wa watu 151 uliotoka 2021: waliofundishwa kwa wiki 4 kuyatazama maumivu bila hofu, 66% walibaki bila maumivu au na kidogo sana. Waliochomwa mgongoni sindano ya maji ya chumvi tu, isiyo na dawa, ili kulinganisha, 20%.

Lala chali mkekani, magoti umeyakunja, mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa 6. Unaopanda uwe mkono wa tumboni. Baada ya dakika 5 peleka mawazo panapouma. Panachoma? Panavuta? Pana ukubwa gani? Usipambane napo. Dakika 10, mara 2 kwa siku. Wengi huharibu kwa kukagua kila mara kama yameisha, na kukagua huko ndiko kunakoamsha hofu. Kizunguzungu kikija, unavuta kwa nguvu mno.

Kibosho: Dada kamaliza la pumzi. Mimi nasema zoezi la kubeba ndoo ya maji: anza na lita 5, hatua 20, mara 3 kwa wiki. Kila wiki ongeza lita 2. Maumivu yakipanda kisha yakashuka ndani ya saa 24, endelea. Yakizidi hapo, rudi hatua moja. Toa pumzi unaponyanyua, usiukaze mgongo kama gogo. Kinachoangusha watu ni siku nzuri: mgongo umetulia, mtu anapalilia migomba kutwa, kesho yake hainuki, anasema mazoezi yamemwumiza. Siku nzuri fanya kile kile ulichopanga.

Majengo: Anayeogopa kukaa kwenye Kosta hadi Arusha, safari ya kwanza ashukie Boma Ng'ombe, atembee dakika 5, arudi Moshi. Wiki inayofuata Usa River.