Nimeuziwa "seti kamili" ya Raspberry Pi, mayai yangu 60 yameivia kwenye mashine

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia lugha.

Mwezi uliopita nilinunua Raspberry Pi 4 ya GB 2, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, kwenye duka moja Kariakoo. Jina silitaji, sitafuti kesi. Muuzaji alinipigia debe la "seti kamili": bodi, chaja, kasha lenye feni na memori kadi ya GB 64 yenye mfumo tayari. "Kaka, hapa ni kuchomeka tu." Nikatoa laki tatu na ushei, nikaondoka nachekacheka kama mjinga.

Niliitaka kwa mashine ya kutotolesha vifaranga. Boksi la mbao, taa mbili za wati 60, feni, sensa ya joto, na relei ya kuwasha na kuzima taa ili joto likae nyuzi 37.5. Nikaongeza na kamera ndogo inayopiga picha moja kila dakika, maana watoto walitaka kuona. Mayai 60 ya kienyeji aliyanunua mama watoto kwa hela yake ya kikoba.

Siku ya 7 tukazima taa ya sebuleni, tukayamulika kwa tochi moja moja. Mishipa ya damu ile pale, na doa jeusi katikati linachezacheza. Mayai 51 yana uhai. Kitinda mimba wangu akaanza kuwapa majina.

Usiku wa siku ya 12 bodi ikaganda, na iliganda taa zikiwa zimewaka. Wanaozijua hizi bodi wanajua: mfumo ukiganda, pini inayoiamuru relei hubaki pale pale ilipokuwa. Relei ikashikilia, taa zikawaka mpaka alfajiri. Saa kumi na mbili nafungua boksi, kipimajoto cha pembeni kinasoma 46, na harufu ni ya mayai ya kuchemsha. Nikapasua moja kuhakikisha. Bora nisingelipasua.

Nikampigia muuzaji. "Bosi, hivyo vitu vinataka mtaalamu." Siku ya kuuza ni kuchomeka tu, siku ya kulia ni mtaalamu! Nikamtumia picha WhatsApp, tiki za bluu, kimya mpaka leo.

Basi nikakaa na mita yangu.

Chaja imeandikwa 5V 3A kwa maandishi makubwa. Nimepima kwenye pini ya 2 na ya 6 huku bodi ikifanya kazi, napata volti 4.4. Pi ikishuka chini ya 4.63 huanza kulalamika, kale kaalama ka radi kanakotokea pembeni ya skrini. Mimi ningekaonea wapi wakati mashine ya mayai haina skrini? Nikaandika vcgencmd get_throttled, amri ya kuiuliza Pi hali ya umeme wake, ikajibu 0x50005, maana yake: umeme uko chini muda huu, spidi imebanwa muda huu, na yote mawili yameshatokea huko nyuma. Waya wenyewe ni mwembamba, shaba yake ya kuhesabu. Simu ukiichaji na takataka hii itachelewa kujaa tu, ina betri yake. Pi haina akiba yoyote, umeme ukipungua nayo inayumba.

Kwenye memori kadi ndipo damu ilipochemka. Nimeipima kwa F3, programu ya kugundua kadi feki. Juu imeandikwa GB 64, kompyuta inaiona GB 64, lakini inayohifadhi kitu kweli ni GB 7 na ushei. Ukiandika zaidi ya hapo kadi inaitikia kwamba imepokea, na haijapokea chochote. Sasa pigeni hesabu nami. Mfumo umekula karibu GB 4. Picha za KB 200, 1,440 kwa siku, ni kama MB 290. GB 3 zilizobaki zinaisha siku ya 11. Baada ya hapo mafaili yanaoza kimya kimya, hata mfumo wenyewe uguse pabovu uanguke. Kwa hiyo mayai yale yalihukumiwa dukani, mimi nilikuwa nayasogeza tu, picha moja kila dakika.

Na bodi yenyewe ni nzima! Nimeiwekea kadi na chaja za kuazima kwa rafiki, siku ya tisa leo haijakohoa.

Najua mnaokuja na "ungetumia Arduino" (kale kabodi kadogo kasikohitaji memori kadi), "ungefunga thamostati". Kweli kabisa. Thamostati ya kukata taa joto likizidi ingeokoa kila kitu, na Pi ina kilinzi cha ndani cha kuiwasha upya ikiganda, sikukiwezesha. Hayo nayabeba. Ila uzembe wangu haumpi mtu ruhusa ya kuniuzia GB 7 kwa bei ya 64.

Kitu hiki kilitoka Februari 29, 2012 kwa dola 35. Wale jamaa wa Cambridge, Uingereza, walitaka mtoto wa shule awe na kompyuta ya kuchokonoa bila mzazi kupandwa na presha. Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha tatu, anadunduliza tangu Januari anunue seti kama hii, na mimi ndiye niliyemshawishi. Yake ikigoma atajuaje? Mita hana, F3 hajawahi kuisikia. Ataamini kichwa chake ndicho kizito, ataifungia kabatini.

Jumanne nimepita tena pale. Wameleta Pi 5, ambayo inataka 5V 5A, wati 25 hizo. Chaja kwenye seti ni ile ile, wamebadilisha stika.

Mama watoto kasema neno moja tu: "Kuku angeyalalia bure." Nusu ya hela ya kikoba nimeshamrudishia.

Mwenye chaja inayotoa volti 5.1 za kweli hapa Dar aseme kainunua wapi na bei gani, na aweke picha ya mita, siyo picha ya boksi. Jumamosi saa nne asubuhi naenda dukani na kompyuta yangu, nitaomba kuipima kadi mojamoja pale kaunta, wateja wakiona. Aliyeuziwa kama mimi aje na ya kwake.