Naomba ushauri: nishani za babu, nizisafishe kabla ya kuuza?

Viazi vya Makambako (mleta mada):
Wakuu, kamwene. Nina nishani nne za babu mzaa baba. Alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (K.A.R.), jeshi la Waingereza huku kwetu, akapigana Burma vita ya pili. Mbili ni nyota za ncha sita, moja ya mviringo ina simba kasimama juu ya joka, na ya nne ya mviringo pia, nyeupe ila imeingia weusi. Tepe zimechakaa. Nimempata mtu mtandaoni anazitaka zote kwa mkupuo, lakini zilivyofubaa naona aibu kumpigia picha za karibu. Nisugue kwa Brasso, au majivu na ndimu vinatosha? Nimebanwa na muda, hata usingizi sipati.

Ukingo wa Ruaha:
Usisugue chochote! Mimi ni mkusanyaji, nakuomba kabisa. Brasso inakula sura ya mfalme na maandishi. Weusi ule ni umri wake, wanunuzi makini wanautaka hivyo hivyo. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi. Tepe hata zikichanika usizitupe.

Mjukuu wa Tukuyu:
Umenikumbusha babu yangu. Naye alikwenda Burma, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walioshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua za kule hadi Kalewa, mto Chindwin. Alikuwa akisikia mvua kubwa ya kwetu anatoka nje kukagua mifereji usiku, watu wazima tunamwangalia tu. Zake zilichezewa na watoto zikapotea. Natamani ningekuwa nazo leo.

Bi Kilolo:
Mwanangu, mbona kwenye maelezo yako hakuna ndugu hata mmoja? Babu alikuwa na watoto. Nani alikukabidhi hizo nishani?

Viazi vya Makambako:
Shikamoo mama. Kwa sasa ninazo mimi. Swali langu lilikuwa la kusafisha.

Kalenga Damu:
Wewe ni mtu wa Iringa kweli? Fuvu la Mtwa Mkwawa, lililobebwa na Wajerumani, lilitajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, na bado likarudi Kalenga mwaka 1954. Miaka yote hiyo watu walidai kilicho chao. Wewe cha kwenu unakitoa kwa mikono yako miwili!

Dereva wa Kitonga:
Mkuu, uza, maisha magumu. Babu mwenyewe angekuwepo angeuliza bei ya mbolea.

Bi Kilolo:
Sijajibiwa. Alikukabidhi nani?

Viazi vya Makambako:
Sawa, niseme. Zilikuwa kwenye sanduku la shangazi. Nilimwambia nakwenda kuzipiga picha. Hajui habari ya kuuza. Na yule mnunuzi ameshanitumia advansi, nimenunulia mbolea ya viazi, iko shambani tayari. Lakini tuelewane: shangazi hajalifungua sanduku lile kwa miaka, panya wangezimaliza tepe. Mimi ndiye mjukuu wa kiume mkubwa. Na mavuno yakija naye atakula. Hata jina la babu limeandikwa kwenye nyota, kwa hiyo ni za ukoo, si za mtu mmoja.

Mpelelezi wa Mafinga:
Hapo nimekushika. Chai hii, tena ya rangi. Nyota za vita ya pili walizotoa Waingereza hazikuandikwa majina. Australia na Afrika Kusini ndio waliandika za kwao. Nyota ya Keya yenye jina haipo, labda mtu aliichonga baadaye. Mods, fungeni uzi, huyu anatafuta wateja.

Dereva wa Kitonga:
Na mimi nilishaanza kumwonea huruma!

Ukingo wa Ruaha:
Kuhusu nyota, Mpelelezi yuko sahihi. Lakini msimtupe bado. Mleta mada, ichukue ile nyeupe, ikague vizuri. Upande mmoja kuna mfalme, upande wa pili kuna mtu uchi juu ya farasi? Miaka gani imeandikwa? Halafu soma ukingo wake, pale unene ulipo.

Viazi vya Makambako:
Sitafuti mteja hapa, ninaye. Nimezitoa sasa hivi. Nyota kweli hazina jina, nilichanganya. Jina liko kwenye ukingo wa ile nyeupe, pamoja na namba na herufi K.A.R. Mtu juu ya farasi yupo. Miaka ni 1914 na 1918. Na jina si la babu, ni la baba yake babu.

Ukingo wa Ruaha:
Basi hiyo ni ya vita ya kwanza, na ni fedha halisi. Jeshi la Northey, jenerali wa Waingereza, liliingia Iringa Agosti 1916, na Keya walipigana na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, mpaka Novemba 1918. Hizo tatu nyingine zilitolewa kwa maelfu bila jina, bila karatasi za babu huwezi kuonesha zilivaliwa na nani. Hii ya fedha inamtaja mwenyewe. Mnunuzi anayekung'ang'aniza bei ya jumla amekwisha kuuona ukingo kwenye picha zako.

Viazi vya Makambako:
Aliniomba picha ya ubavuni mara mbili. Na mtoto wa kwanza wa shangazi ndiye anayeitwa jina hilo.

Bi Kilolo:
Haya sasa.

Mwalimu wa Njombe:
Na kabla hujaenda posta, iko Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kupeleka vitu vya kale nje ya nchi kunataka kibali. Pita Boma la Iringa, pale makumbusho, uulize kama zako zinahusika.

Viazi vya Makambako:
Ya fedha siitoi, nimekata shauri. Hizo tatu ndizo nitampa, advansi imeshaliwa, siwezi kuwa tapeli kwa mtu wa watu. Shangazi nitamwambia baada ya mavuno.

Bi Kilolo:
Hapana mwanangu. Mwandikie huyo mtu kwamba mwenye mali hajaulizwa, advansi utarudisha viazi vikitoka. Kesho panda gari uje Kilolo na zote nne. Ukiogopa kumkabili shangazi peke yako, niandikie faragha, tutakwenda pamoja.