Ukienda Mombasa na treni, ni wapi unajua sasa umefika pwani?

babawawili_kangundo: Wakuu salamu. Disemba tunashuka Mombasa na watoto, miaka yote huwa ni basi la usiku, unaamka Mariakani shingo imepinda na mtoto kakulalia mkono mpaka umekufa ganzi. Saa hii nimekata tiketi ya SGR, treni mpya, ile ya saa mbili asubuhi inayosimama vituo, economy 1,500. Watu wananiambia utamu wa treni ni kule kufika, lakini nasikia bahari yenyewe huioni. Sasa hao watoto niwaonyeshe nini?

binti_tudor: Bahari usiitafute kabisa hutaiona. Mi nafanya kazi Nairobi, narudi nyumbani kila likizo, na kwangu pwani inaanza minazi ikianza, ukishatoka kule Taru kwenye vichaka vitupu mpaka macho yamechoka. Halafu Miritini, stesheni ya mwisho nje ya mji, mlango ukifunguliwa, weee, ni kama umefunua sufuria ya pilau, miwani yangu inashika ukungu kila safari nasimama hapo kama kipofu nikiifuta na leso. Watu wa bara utawajua, wanavua sweta hapo hapo wakiburuta mabegi 😂 Njiani kaeni kulia, asubuhi kukiwa hakuna mawingu mnaona Kilimanjaro.

mzee_wa_reli: Nyinyi mmefika Miritini, hamjafika Mombasa. Ile treni ya zamani kabla ya 2017 ilitoka Nairobi saa moja jioni, unapewa shuka na blanketi, mtu anapita koridoni na kengele ya chakula. Kulipokucha mko huko Mazeras, dirisha liko wazi, watoto wanakimbia kando ya reli wakipunga, na treni inateremka polepole mpaka Makupa, maji kushoto maji kulia, unashukia mjini kabisa unatembea kwa miguu kwenda kunywa chai na mahamri. Ilichelewa sikatai, kuna siku tulifika saa nane mchana na maji ya kunywa yameisha. Lakini harufu ya maji chumvi ilikuwa inakuingilia dirishani, hizi za AC dirisha halifunguki utanusa nini?

mtu_wa_dodoma: Majirani hapo tumewazidi kidogo, SGR yetu ya kutoka Dodoma inakushusha katikati ya Dar, lile jengo lenye umbo la tanzanite, ukitoka hapo Kivukoni si mbali, unapanda pantoni na jioni hiyo hiyo uko Kigamboni unakula pweza. Nakubaliana na dada wa Tudor kuhusu joto, sisi wa Dodoma tumezoea jua kali ila ile shati kugandia mgongoni hatuna.

babawawili_kangundo: Asanteni. Mzee umenitamanisha kitu ambacho hakipo tena. Halafu sijasema, tunalala Diani, kule pwani ya kusini, ina maana nirudi mjini nipange foleni ya feri Likoni?

binti_tudor: Hapana kaka, feri ya nini. Ukitoka stesheni mwambie dereva apite barabara ya Dongo Kundu, inakwenda kusini bila kupitia mjini. Pale kwenye daraja la Mteza wachungulie chini, mikoko na maji, hapo ndio wataamini wamefika.

babawawili_kangundo: Poa sana. Imebaki vita ya nani anakaa dirishani upande wa kulia.