Msaada: "mchele kisaga" ndiyo kiasi gani?

BintiPangani: Jamani, naombeni msaada. Nimerithi daftari la mapishi la marehemu bibi na Jumamosi nataka kupika vitumbua vyake, tuna arobaini ya mwanangu. Kaandika: "Mchele kisaga, nazi 3, hamira, iliki." Mwanzoni nilidhani ni mchele wa kusaga, lakini ukurasa wa pili kuna "unga wa ngano kisaga na kibaba". Mama nikimuuliza ananijibu, "Weka kwa macho tu."

MchuuziMstaafu: Mjukuu wangu, kisaga ni nusu pishi. Vibaba viwili kisaga, vibaba vinne pishi. Kibaba cha mchele ni kama ratili moja na nusu, gramu 680 hivi, kwa hiyo kisaga chako kinapita kilo moja na robo. Ila kibaba ni chombo, si jiwe la mizani. Cha unga ni chepesi kuliko cha mchele, hivyo vibaba vitatu vya ngano usivipigie hesabu hiyohiyo.

Wa_Gikomba: Huku Kenya ni gorogoro, mkebe wa kilo mbili, basi. Kibaba mimi nakijua cha haba na haba tu 😂

MamaWawili: Mzee kasahau jambo: cha mfuto au cha tele? Mfuto unapitisha mkono juu kinakuwa sawasawa na ukingo. Tele unarundika mpaka kinamwagika. Kwetu ukikopa unga kwa jirani kwa mfuto, unarudisha kwa tele. Kwa vitumbua pima mfuto, rojo isije ikawa nzito.

AbuSwalha: Pishi mbona ingali hai! Kila Ramadhani zaka ya fitri ni pishi moja kwa kila kichwa, kile kipimo cha Waarabu kiitwacho swaa, chenye mudi nne. Masheikh wengi wanaikadiria kilo 2.5 hadi 3.

BintiPangani: Asanteni sana. Mama kusikia "mfuto" kacheka, kaingia stoo, katoka na kopo la bati limebonyea ubavuni. Kumbe ndicho kibaba cha bibi, miaka yote tunachotea maharage! Nimekijaza mchele kwa mfuto, mizani ya dukani ikasema gramu 650. Basi kisaga kilo 1.3. Sasa hamira mbona hakuandika kiasi?

MchuuziMstaafu: Hapo mama yako kasema kweli. Kwa macho.